Kinyago cha ukoo wakati wa vita: kukificha, kukikabidhi au kukivusha?

Usiku ule wa Februari 2025, jeshi la Kongo lilipokuwa linaondoka Bukavu, mashariki mwa nchi, na waasi wa M23 hawajaingia bado, mji ulikaa kama nyumba isiyo na mlango. Watu walikuwa wanafunga magodoro na sufuria. Mjomba wangu, pale Kadutu, alikuwa ameketi na kikapu kidogo katikati ya miguu yake, haongei. Ndani mlikuwa na kinyago cha mbao kisichozidi kiganja cha mkono, uso umepakwa udongo mweupe, ndevu za nyuzi zimekatika nusu, na kijiko cha pembe ya ndovu ambacho sisi watoto hatukuruhusiwa hata kukiangalia sana.

"Sasa hiki," akaniuliza, "tunakitia wapi?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza wazee, mapadri, vijana wa makumbusho, na kusoma yaliyowapata wenzetu wa nchi nyingine. Njia nilizozikuta ni tatu. Ya kwanza ni kukificha nyumbani au kijijini. Ya pili ni kukikabidhi kwa makumbusho au parokia. Ya tatu ni kukivusha nje ya eneo la vita. Kila moja imewahi kuokoa kitu mahali fulani, na kila moja imewahi kukipoteza.

Vya kupimia

Watu wengi hupima kwa swali moja tu: askari wakija, watakikuta? Swali hilo halitoshi. Mimi napima kwa matano.

Usalama, kwanza, lakini dhidi ya kila adui. Huku kwetu moto wa Kadutu umekula vitu vingi bila kuuliza vya nani, nyumba za mbao zimebanana kama meno. Kuna mvua, kuna mchwa, na kuna kijana wa ndani ya nyumba mwenye njaa aliyesikia kwamba Wazungu hununua.

Pili, nani anajua. Tatu, umiliki: siku kesi ikija, kitu kitaitwa cha nani? Nne, uhai wake. Hapa lazima nifafanue kwa wasio Walega, kabila letu. Vitu vya bwami, chama chetu cha wazee chenye madaraja, huitwa masengo, vitu vizito, na uzito huo si wa kilo. Kinyago kidogo cha mbao ni cha mtu wa daraja la yananio. Sanamu za pembe za ndovu ni za kindi, daraja la juu kabisa. Hupakwa mafuta, hutolewa siku ya kumpandisha mtu daraja, huimbiwa methali, na mwenye nacho akifa hurithiwa. Kinyago kilichofungiwa miaka 30 bila kutoka bado ni mbao nzuri, lakini wazee watakuambia kimenyamaza.

Tano, njia ya kurudi: mambo yakitulia, au kikiibwa, utakipataje?

Gharama siihesabu peke yake, maana njia zote tatu zinaweza kuwa rahisi au ghali, kutegemea una ndugu wa aina gani.

Kabla ya kuchagua: karatasi moja

Naliweka hili hapa kwa sababu bila hilo ulinganisho wote ni maneno. Mjomba alikuwa na kinyago, lakini hakuwa na picha yake hata moja. Kingeibwa usiku ule, angeeleza nini? "Kidogo, cheupe usoni, kina ndevu." Vya namna hiyo viko mamia kwenye kabati za Ulaya.

Kuna kipimo cha kimataifa kinachoitwa Object ID, kilichotengenezwa katika miaka ya 1990, ambacho polisi na makumbusho wanakitumia duniani kote. Kinataka mambo ambayo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuyafanya mchana mmoja. Piga picha ya mbele, nyuma, ubavuni na chini, ukiweka rula pembeni. Andika kimetengenezwa kwa nini, urefu wake, upana wake, jina lake kwa lugha ya nyumbani, na nani alikirithi kwa nani. Kisha tafuta makovu. Kinyago cha mjomba kina ufa unaoanzia jicho la kushoto hadi mdomoni, na ndani, pale paji la uso linapoegemea, kuna matundu mawili ya kamba: moja la duara, jingine limetanuka kwa kuchakaa. Matundu hayo mawili ndiyo jina lake la kweli. Mchongaji hodari anaweza kuiga uso. Tundu lililochakaa hakuna awezaye kuliiga.

Picha zitume kwa watu wawili walio mbali, miji tofauti. Ukitumia WhatsApp, itume kama faili, si kama picha ya kawaida, maana ikibanwa ufa unapotea. Na usiiweke Facebook, hata kwa kujivunia. Wachuuzi wa vitu vya kale nao wana simu.

Njia ya kwanza: kukificha

*Usalama.* Dhidi ya msako wa haraka, hakuna kinachoshinda siri. Mfano unaojulikana ni wa Kabul. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wafanyakazi wa makumbusho na serikali walihamisha dhahabu ya kale ya Tillya Tepe, vipande zaidi ya 20,000, wakaifungia ndani ya ghala la benki kuu katika ikulu. Tawala zilipita moja baada ya nyingine, Taliban nao wakaja na kuondoka, na mwaka 2003 ndipo ilipotangazwa kwamba ipo salama. Watu wachache walikuwa wanajua na hawakufungua mdomo.

Lakini siri haimzuii mchwa. Jirani yetu mmoja alifukia sanduku lake chini ya sakafu ya jiko, akalifunga kwa plastiki mara tatu akidhani anafanya vizuri. Alipolifukua baada ya miezi minane, plastiki ilikuwa imetoa jasho. Kinyago kilikuwa na ukungu wa kijani, na kidevu kilipoguswa kikamwagika kama unga wa muhogo. Beirut yaliwapata makubwa kama hayo: Maurice Chehab, mkuu wa makumbusho, alijengea ukuta ghala la chini na kumimina zege kuzunguka majeneza ya mawe, akaokoa mengi katika vita ya 1975 hadi 1990, lakini maji yaliingia kule chini na unyevu ukaharibu baadhi ya vitu. Kwa hiyo ukificha, funga kwa kitambaa cha pamba kikavu, weka juu ya kitu kisichogusa udongo, pasiwe na plastiki, na angalia kila baada ya miezi mitatu kama kuna vumbi laini la bungua.

*Nani anajua.* Akijua mmoja tu, akifa kitu kimekufa naye. Wakijua kumi, soko linajua. Watatu, wa nyumba tofauti, ndiyo hesabu niliyoisikia mara nyingi kwa wazee.

*Umiliki.* Hapa njia hii iko juu ya nyingine. Kitu kinabaki cha ukoo, hakuna karatasi ya mtu mwingine.

*Uhai.* Kipo karibu. Wenye daraja wakikaa, hata watu wanne chumbani, kinaweza kutoka.

*Kurudi.* Kama hakuna picha, hakuna njia. Basi.

Inawafaa wenye kijiji kinachofikika na ndugu wanaosikilizana. Na niseme kwa wale wanaofikiria sanduku la benki: Februari 2025 benki za mjini zilifunga milango. Wenye fedha zao ndani wanajua habari hiyo.

Njia ya pili: kukikabidhi

Bukavu tuna bahati ambayo miji mingi haina. Mapadri Waxaveri wana makumbusho yao hapa, yenye vitu vingi vya Walega na majirani zao, na wapo watu wanaojua kusoma vitu hivyo. Parokia kadhaa pia hupokea vitu kwa kuviweka tu.

*Usalama.* Kuta ni nzuri, kabati ni kavu, mchwa hapati nafasi. Mkataba wa The Hague wa 1954, ambao Kongo imo, unawakataza wapiganaji wote kupora au kushambulia mahali pa namna hiyo, na alama yake ni ngao ya buluu na nyeupe. Pia upo mfano wa adhabu: mwaka 2016 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ilimhukumu Ahmad al-Mahdi miaka 9 kwa kubomoa makaburi ya watakatifu wa Timbuktu, nchini Mali.

Ila tuseme ukweli wa barabarani. Makumbusho ni mahali ambapo kila mtu anajua kuna vitu. Kati ya tarehe 10 na 12 Aprili 2003 Makumbusho ya Baghdad yaliporwa vitu karibu 15,000. Khartoum imefuata katika vita hii ya tangu 2023. Na ya kwetu wenyewe inauma zaidi. Mobutu alisimama Umoja wa Mataifa tarehe 4 Oktoba 1973 akidai vitu vyetu; Ubelgiji, kati ya 1976 na 1982, ikatoa vitu 114 kutoka Tervuren, makumbusho yake ya Afrika. Katika vurugu za miaka ya 1990 makumbusho ya Kinshasa yaliporwa, na baadhi ya vitu hivyo hivyo vikaonekana tena sokoni Ulaya. Hoja hiyo bado tunatupiwa usoni kila tunapodai: "Tuliwapa, mkauza." Jibu langu ni kwamba vilinunuliwa pia, na wanunuzi hawakuwa Kinshasa.

*Nani anajua.* Wote. Hiyo ndiyo hatari, na ndiyo kinga. Kitu chenye namba na picha kwenye daftari la makumbusho ni kigumu kukiuza. Chombo cha mawe cha Warka, cha zaidi ya miaka 5,000, kilichoporwa pale Baghdad, kilirudishwa Juni 2003, kikiwa vipande vipande ndani ya gari, baada ya kutangazwa msamaha kwa warudishaji. Dunia nzima ilikuwa inakijua. Nani angekinunua waziwazi?

*Umiliki.* Hapa ndipo watu wanaumia bila vita yoyote. Kukabidhi ili kitunzwe na kukabidhi moja kwa moja ni mambo mawili, na kwa mdomo yanafanana. Dai hati ya makabidhiano yenye maneno "amana" na "mali ya ukoo wa fulani", jina la anayeweza kukichukua, na itakuwaje taasisi ikifungwa. Rafiki yangu mmoja alirudi kwenye taasisi ambayo siitaji, akakuta mpokeaji wa zamani amehamishwa, na daftari linasema "zawadi". Mzee wake hakuwa amempa mtu zawadi.

*Uhai.* Uliza kabla: tukikihitaji siku ya sherehe, tunaazima kwa siku ngapi? Wapo wanaokubali. Wengine watakuletea glavu nyeupe na kukuambia usipake mafuta. Wazee wa bwami wakisikia hilo hucheka kwanza, halafu hunyamaza. Na kumbukumbu yao ni ndefu: mwaka 1948 utawala wa Kibelgiji uliupiga bwami marufuku, na vitu vingi vikaondoka mikononi kwa wakati huo. Usimlaumu mzee anayeogopa kabati ya kioo.

*Kurudi.* Kikiibwa pamoja na vingine, taasisi ina sauti kuliko ukoo.

Inawafaa wenye vitu vinavyooza, waliotawanyika wasioweza kulindana, au ambao kwao hakuna tena mwenye daraja la kukitumia.

Njia ya tatu: kukivusha

Kwa mtu wa Bukavu, neno "kuvusha" linaleta picha ya Ruzizi ya Kwanza, mpaka wetu na Rwanda: foleni, mvua, mizigo inafunguliwa mmoja mmoja. Njia hii nitaieleza kwa upole lakini kwa ukali wa sheria.

*Usalama.* Ukifika, uko mbali na risasi. Mwaka 1939 michoro ya makumbusho ya Prado, Madrid, ilipelekwa Geneva kuepuka vita ya Hispania, na mwaka huohuo ikarudi. Timbuktu, mwaka 2012 na 2013, Abdel Kader Haidara na wenzake walisafirisha mamia ya maelfu ya hati za kale kwenye masanduku ya bati, kwa magari na mitumbwi, hadi Bamako. Angalia vizuri lakini: Bamako ni nchi ileile. Hawakuvuka mpaka wa sheria, walivuka mpaka wa vita tu.

*Umiliki na kurudi* nayaweka pamoja hapa, maana yanaanguka pamoja. Mazulia ya ukutani ya kasri la Wawel, Poland, yalipelekwa Kanada mwaka 1940. Vita iliisha 1945. Yalirudi 1961, kwa sababu waliotuma na waliokuja kutawala hawakutambuana, na kila upande ukasema ndio Poland. Soma mfano huo ukiwa Bukavu leo na hutahitaji nikueleze. Itifaki ya 1954, iliyoambatana na mkataba ule wa The Hague, inasema kitu kilichohifadhiwa nchi nyingine lazima kirudi vita ikiisha, lakini hiyo ni kwa mipango ya dola na dola, si kwa kikapu cha mjomba.

Na kikapu cha mjomba kina shida mbili. Kwanza, sheria ya Kongo ya tarehe 15 Machi 1971 kuhusu mali ya utamaduni: kutoa kitu cha kale nchini kunahitaji kibali. Ukikitoa kimya kimya, machoni pa sheria hutofautiani sana na mwizi, na siku ya kudai utaulizwa kilitokaje. Pili, kijiko. Pembe ya ndovu inabanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini. Ukikamatwa nayo mpakani bila hati, hakuna atakayesikiliza habari za babu. Kitachukuliwa, na wewe huenda ukalala ndani.

*Uhai.* Kinakatika, isipokuwa kama ukoo wenyewe umehamia huko.

Inawafaa wanaoweza kukipeleka ndani ya nchi, eneo tulivu, kwa ndugu anayejulikana. Au taasisi yenye kibali cha maandishi. Kwa mtu mmoja mwenye mfuko, siishauri, na hapo ndipo nilipoegemea upande mmoja katika andiko hili.

Na kama kimekwisha kwenda?

Hapa pia kuna milango, na watu huingia ule usiofaa kwa sababu uko karibu.

Polisi ni mlango mmoja. Interpol ina orodha ya kazi za sanaa zilizoibwa, yenye vitu zaidi ya 50,000, na programu ya simu ya bure, ID-Art, inayokuwezesha kutafuta kwenye orodha hiyo. Wewe mwenyewe huwezi kuingiza kitu. Lazima kipitie ofisi ya Interpol ya nchi, yaani Kinshasa, ikiwa na PV (hati rasmi ya polisi) na picha. Kwa sasa, kutoka mji usioongozwa na Kinshasa, hilo ni gumu. Ndugu aliye Kinshasa au Lubumbashi anaweza kufuatilia, kama zile picha ulimtumia. Usichelewe: katika sheria ya Ubelgiji, kitu kilichoibwa kikiwa kwa aliyenunua kwa nia njema, mwenyewe ana miaka 3 tangu kilipoibwa. Mtaa wa Sablon, Brussels, ambako wauzaji wa sanaa ya Afrika wamejipanga, unalijua hilo kuliko sisi.

Mlango mwingine ni kumwandikia aliye nacho. Makumbusho na nyumba za mnada zinaogopa aibu kuliko mahakama. Barua fupi, picha ya zamani, ufa ule, tundu lile. Huu unafaa pale kitu kinapoonekana hadharani.

Wa tatu ni kukinunua tena. Mtu anapiga simu: "Nimeona kitu chenu Bujumbura, toeni dola kadhaa." Sitamhukumu anayelipa, baba wa mtoto aliyetekwa naye hulipa. Lakini jua kwamba simu ya pili itakuja, kwa jirani yako.

Kilichoporwa enzi za mkoloni kina njia yake. Mwaka 1884 afisa wa Kibelgiji Émile Storms aliamuru vita dhidi ya mtemi Lusinga, magharibi mwa Ziwa Tanganyika. Lusinga aliuawa na sanamu yake leo iko Tervuren. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 3 Julai 2022 inaruhusu kurudisha vya namna hiyo, ila mazungumzo ni ya serikali kwa serikali. Ukoo hauna kiti mezani. Unaweza tu kusukuma kutoka nyuma, kwa ushahidi. Na uamue mapema kama utakubali mkopo: kinyago cha Kakuungu, alichokileta mfalme Philippe Kinshasa Juni 2022, kilikuja kama mkopo usio na mwisho. Wako waliopiga vigelegele, wako waliouliza tangu lini mtu anaazimwa mali yake. Wote walikuwa na hoja.

Kwa hali yako

Una saa chache tu na milio inasikika: piga picha, tuma, funga kwa kitambaa, mpe mtu asiyeshukiwa. Mengine baadaye.

Una kijiji, ukoo haujagombana, na bwami bado unafanyika: ficha, kwa watu watatu.

Ukoo umegombana: kabidhi, kwa hati ya amana yenye sahihi za pande zote mbili. Ugomvi wa urithi umeuza vinyago bila msaada wa askari yeyote.

Kitu kimeanza kutoa vumbi la bungua: kabidhi, hata kama ni kwa miezi sita ya matibabu.

Una pembe ya ndovu: isivuke mpaka wowote. Ibaki.

Kinyago na kijiko havilazimiki kukaa pamoja. Watu husahau hilo. Wanatafuta jibu moja kwa kikapu kizima.

Mjomba aliamua siku ya nne, baada ya kumpigia dada yake mkubwa na wazee wawili. Aliamua nini, sitaandika. Hata Kadutu niliyoitaja juu, si Kadutu.